Mzigo wa Mama Mkwe

Kazi ya kutafutiwa na mama mkwe ni tamu kama asali, ila nyuki wake huja pamoja nayo. Mkaguzi wa kiwanda cha mito ya kulalia aliling'amua hilo siku ya kumi na moja tangu aajiriwe, saa tatu asubuhi, aliposimama getini akaona lori linapinda kona, na dirishani mwake umechomoza mwavuli mwekundu kama bendera ya mtu mkubwa.

"Huyo ni mama mkwe wako," mlinzi akamwambia, kana kwamba mwenzake alikuwa kipofu.

"Namwona."

"Basi leo bambo litapumzika."

Bambo ni kile chuma cha kutobolea gunia ili kujua kilichomo. La kwake lilikuwa refu kama mkono na lilikuwa na kulabu nchani, maana sufi ya kujazia mito haimwagiki kama mahindi, lazima uivute. Wapakuzi walikwisha kumbatiza Bwana Bambo. Kabla yake kazi hiyo ilishikwa na mzee mmoja ambaye sasa amestaafu. Mzee yule alikagua mizigo kwa kuyapiga magunia makofi, kama mtu anayesifia ng'ombe, kisha anasema, "Limenona hili, pitisha." Kwa ukaguzi wa namna hiyo kiwanda kikauza mito mia mbili kwenye nyumba moja ya wageni, paa la nyumba hiyo likavuja, na mito sita ikaota. Ndiyo, ikaota. Mbegu zilizosahauliwa ndani ya sufi zilipata maji, zikapata giza, zikapata na joto la vichwa vya wateja, zikaona hapa ndipo shambani. Mwenye nyumba ya wageni alikuja na mito yake, majani mabichi yamechungulia kwenye mishono, akamwuliza meneja kama anauza mito au anauza miche.

Meneja alikuwa mtu mpole aliyegombana na pua yake. Sufi ilimpigisha chafya kutwa kucha, na amri yake mpya aliitoa kwa vipande: gunia moja katika kila matano lifunguliwe mpaka kwenye moyo, likikutwa na mbegu, au unyevu, au kitu chochote ambacho hakikuota juu ya msufi, mzigo mzima urudi ulikotoka. "Na sijali," akasema, chafya, "mzigo ni wa," chafya, "wa nani."

Akatafutwa mtu wa kuishika amri hiyo. Aliyemleta alikuwa mama mkwe, muuzaji wa sufi mkongwe kuliko wote. "Nina mkwe," alimwambia meneja. "Amekaa miezi minane hana kazi. Ni mwaminifu mpaka anakera." Meneja akasema huyo huyo ndiye anayemtaka.

Sasa lori likasimama. Mama mkwe akateremka, akajinyoosha kanga, akakunja mwavuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, fungua geti, jua linanichoma."

"Mama, lazima nikague kwanza."

"Kagua! Kwani nimekukataza?" Aliyasema kwa sauti ya mtu anayemruhusu mtoto achezee funguo.

Magunia yalikuwa thelathini. Mkaguzi aliyazunguka mara mbili, moyoni akiomba. Hakutaka kuchagua ovyo. Alichagua kwa huruma: akalishusha gunia lililoonekana la heshima kuliko yote, jeupe, limeshonwa kwa uzi mpya. Akachoma bambo juu juu, akavuta. Ikatoka sufi nyeupe, nyororo, ungeweza kumvika bibi harusi. Wapakuzi wakasema, "Eeeh!" Mama mkwe akatazama pembeni kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea sifa.

Hapo ndipo angeishia, kama angekuwa mtu mwingine. Lakini amri ilisema mpaka kwenye moyo. Akasukuma bambo mpaka mkono ukazama kwenye kiwiko, akahisi kulabu imenasa kitu. Akavuta, hakikuja. Akaweka mguu juu ya gunia, akavuta kwa nguvu zote. Kikaja. Kandambili ya bluu, ya mguu wa kushoto.

Chafya ya meneja ikasikika kutoka dirisha la juu, ambako alikuwa amesimama akitazama na leso puani.

"Hiyo ilidondoka kwa bahati mbaya," akasema mama mkwe.

Gunia la pili likatoa nusu tofali.

"Na hilo nalo lilidondoka?" akauliza mlinzi, ambaye hakuna aliyemwuliza.

"Lilikuwa linamtafuta mwenye kandambili," akajibu mpakuzi mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakashikilia lori. Mama mkwe hakucheka. Gunia la tatu halikuwa na kitu kigeni ila mkono wa mkaguzi ulitoka humo umelowa, na vidole vimejaa mbegu nyeusi kama mtu aliyekuwa akila tikiti.

Akaufuta mkono kwenye suruali. Hakumtazama mama usoni. Alitazama vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Mama, mzigo huu hauwezi kuingia."

"Umekataa mzigo wangu, au umenikataa mimi?"

"Mzigo, mama."

"Mzigo ni mimi! Sufi hiyo nimeiokota kijiji kwa kijiji, kwa miguu hii unayoiona. Shati hilo unalolitazama nimelinunua mimi, kwa sufi hiyo hiyo, ili uje kazini uonekane mtu. Leo umekuwa mtu, umeanza na mimi."

Ni kweli shati lilikuwa la mama, na lilimbana mabegani.

Dereva akapiga honi. Alikuwa na mbao za kupakia mahali pengine na hakuwa na nafasi ya kusikiliza mambo ya wakwe. "Nishushe wapi?" akauliza.

Mama mkwe alimtazama mkwe wake kuanzia viatu mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Shusha kwa binti yangu," akasema. "Nyumba ni ya karibu."

*

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, na hata kabla ya magunia thelathini watu wawili humo walikuwa wakipishana kwa kuombana radhi. Mkewe alikuwa fundi cherehani na cherehani yake ilikaa mlangoni ipate mwanga. Mkaguzi aliporudi jioni, mlango ulifunguka nusu tu. Akaingia ubavu. Magunia yalikuwa yamekaa kila mahali: juu ya kochi, chini ya meza, moja limesimama peke yake kwenye kona kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Sufi ilikuwa ikielea hewani. Mteja mmoja alikuja kujaribu sketi nyeusi, akaondoka kama kondoo.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki.

"Shikamoo, mama."

Mama akaligeukia birika lililokuwa mezani. "Birika," akasema, "kuna mtu kaingia? Nimesikia kama mlango."

"Mama, ni mimi."

"Birika, kama kuna mtu, mwambie chakula chake kiko jikoni. Na mwambie akifunue akikague kwanza, isije ikawa na sisi tumemtilia tofali."

Mkewe akamvuta kwa mkono mpaka jikoni. Jikoni kulikuwa na magunia mawili, kwa hiyo walisimama uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, kama wachumba.

"Umefanya nini?" akanong'ona.

"Nimefanya kazi."

"Kazi! Ni mama aliyekupa hiyo kazi."

"Alinipa kazi ya kukagua. Hakunipa kazi ya kupitisha."

"Hukuweza kufumba jicho moja tu?"

"Nililifumba! Jicho nililolifumba ndilo lililochagua gunia la kandambili."

Mkewe akataka kucheka, akakumbuka ni binti wa nani, akajizuia. Kipande cha sufi kikatua kwenye nyusi yake. "Watu wamemcheka mama getini," akasema. "Mlinzi ameshasimulia mpaka dukani. Mimi nimekwenda kununua uzi, muuzaji ananiuliza kama sihitaji na kandambili ya kulia."

Hilo lilimwingia. Angeweza kuvumilia kununiwa na kuzungumzwa kupitia birika, lakini hakuwa amefikiria kwamba kicheko cha pale getini kingetembea kwa miguu mpaka dukani.

"Nitayatengeneza," akasema.

"Kwa kitu gani? Kwa bambo?"

Kwa siku mbili aliishi hivyo. Birika liliambiwa kwamba kuna watu hukoroma kama wameshiba jasho la wenzao. Liliambiwa pia kwamba zamani wakwe walikuwa wanaleta kuni, siku hizi wanaleta aibu. Mkaguzi alikunywa chai yenye sufi, akavaa shati lenye sufi, na kila alipokohoa mama mkwe aliliuliza birika kama kifua kile nacho kimekaguliwa.

*

Huko kazini nako hakukuwa na kimbilio. Baada ya mzigo wa mama mkwe kurudishwa, mkaguzi alisema liwalo na liwe, akarudisha na mizigo mingine mitatu. Mmoja ulikuwa na mchanga, mmoja umevunda mpaka unanuka kama kabati la marehemu, na mmoja ulikuwa na kichwa cha shoka, ambacho mwenye mzigo alikidai kwa furaha, akisema amekitafuta mwaka mzima. Ghala likabaki tupu. Mashine zikanyamaza. Akina mama washonaji walikaa kwenye viti vyao wamekunja mikono, na kila alipopita walimwimbia: "Bwana Bambo, tushone upepo?"

Siku ya Ijumaa meneja akamwita juu. Mezani kulikuwa na barua ya hospitali: mito mia tano, safi, mikavu, isiyo na mbegu, ifikapo mwisho wa mwezi.

"Mkuu, amri ilikuwa mizigo mibaya irudi."

"Nilisema mibaya irudi. Sikusema mizuri isije."

"Mizuri haipo, mkuu. Wote wanafanya hivyo hivyo."

"Basi tafuta dawa." Meneja akajipangusa pua. "Nakupa wiki moja. Sufi ikikosekana nitafunga mashine na kuwapeleka watu nyumbani, na wa kwanza kutoka atakuwa yule aliyeingia mwisho. Si kwamba nina chuki na wewe. Ndivyo nyumba inavyobomolewa, huanza na tofali la juu."

"Mkuu, tafadhali, tusitaje matofali."

*

Jumamosi mchana, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kukaa, mkaguzi aliburuta gunia moja mpaka uani, akalipasua, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuichambua sufi kwa vidole, mbegu moja moja. Hakuwa na mpango wowote. Aliona tu kwamba mtu aliyejaza nyumba ya mkewe takataka ana wajibu wa kuzipunguza. Baada ya saa nzima alikuwa amepata rundo la sufi linalotosha kuziba sikio.

Mama mkwe alitoka mlangoni na birika mkononi. Akaliweka juu ya ukuta mfupi, akaliegemea.

"Birika, mwambie huyu sufi haichambuliwi kama mtu anayetoa chawa."

Mkaguzi akaendelea.

"Birika, mwambie atakuwa mzee hapo."

"Birika," mkaguzi akasema, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akijibu, "mwulize mama basi inachambuliwaje."

Mdomo wa mama ulitaka kukasirika lakini mikono ilikuwa imekwisha kuwashwa, maana mtu wa kazi hawezi kuitazama kazi ikiharibiwa. Akaingia ndani, akatoka na pipa dogo la plastiki na kijiti chenye vitawi vifupi nchani. Akajaza sufi nusu pipa, akatumbukiza kijiti, akakisokota katikati ya viganja viwili, haraka haraka, kama mtu anayepekecha moto. Sufi ikafura, ikapanda, ikawa povu. Chini ya pipa mbegu zikaanza kulia: tak, tak, tak.

"Umeona?" akasema, na akasahau kupitia kwa birika. "Nyepesi inapanda, nzito inashuka. Leta gunia jingine."

Mkewe akaacha cherehani, akaja na kitambaa puani. Wakafanya kazi watatu. Kadiri walivyofungua magunia ndivyo yalivyotema siri zake: mawe ya mtoni, matambara yaliyoloweshwa, nusu tofali na wenzake. Mwanzoni mama alikuwa akivitupa pembeni bila kuvitazama. Kisha akaanza kuvitazama. Mwishowe akaokota ile kandambili ya bluu, ambayo mkwe wake aliirudisha pamoja na mzigo kwa sababu haikuwa mali ya kiwanda, akaigeuza, akaona kamba yake imefungwa kwa waya wa shaba.

"Hii naijua," akasema taratibu. "Hii ni ya kaka yangu."

"Mjomba?" binti yake akashtuka.

"Mwaka huu wote anachechemea kijijini na kandambili moja, ananiambia mbwa kachukua nyingine. Nikamwonea huruma!" Akalitazama rundo la mawe. "Na haya ya mtoni ni ya shemeji yake, maana mto uko kwake. Na matofali ni ya yule jirani yao anayejenga. Ndiyo maana nyumba yake haiishi! Anajenga huku, ananiuzia huku." Akaketi chini, kanga imejaa mbegu. "Miaka mitatu nanunua mawe kwa bei ya sufi, nayabeba kwa lori, nakuja kuyauza mjini. Na mimi nikijiona mjanja."

Hakuna aliyecheka, ingawa wote watatu walitamani.

"Na maji, mama?" mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo.

Mama akajipangusa sufi kwenye kope.

"Maji ni yangu," akasema. "Mawe si yangu, lakini maji ni yangu. Nanyunyizia usiku wa kuamkia safari. Usinitazame hivyo. Kila mtu ananyunyizia. Nyumbani gunia napima kilo ishirini, kwa mzani wa duka na mzani wa shule. Nikifika getini kwenu, kumi na nane. Nikapima tena, ishirini. Nikaja tena, kumi na nane. Nimwambie nani? Yule mzee wenu alikuwa akisema sufi hukonda kwa safari ndefu. Nikasema sawa, kama inakonda kwa safari, mimi nitainywesha maji."

Mkaguzi akaacha kijiti. Siku kumi na nne alikuwa akichungulia ndani ya magunia. Hakuwahi hata mara moja kuutazama mzani.

*

Jumatatu alfajiri, kabla watu hawajaja, alikwenda nyuma ya ghala palipokuwa na mifuko ya saruji ya kukarabati ukuta. Kila mfuko uliandikwa kilo hamsini. Akaubeba mmoja, akauweka kwenye mzani wa getini. Arobaini na tano. Akaweka wa pili. Arobaini na tano. Alipokuwa anaweka wa tatu, meneja akaingia.

"Unafanya nini na saruji yangu?"

"Mkuu, njoo uone."

Meneja akaja, akaona. Akainama kusoma maandishi ya mfuko, akainuka kusoma mshale wa mzani.

"Huenda imekauka njiani."

"Mkuu, saruji huwa kavu tangu dukani."

"Huenda mfuko umetoboka."

"Yote mitatu?"

Ikumbukwe kwamba meneja alikuwa na siri moja ambayo kiwanda kizima kiliijua. Daktari alimwonya apunguze mwili, naye kila Ijumaa, watu wakienda kula, alikuwa akipanda juu ya mzani ule ule na kushuka anatabasamu. Alikuwa amekwisha kununua suruali mpya kwa matumaini. Sasa mkaguzi alimwona anahesabu kimya kimya, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo mtu ambaye mzani huu unamwambia ni kilo themanini na moja..."

"Ni tisini, mkuu."

"Tisini kamili?"

"Kamili."

Meneja akakaa juu ya mfuko wa saruji. Kwa muda mrefu hakupiga hata chafya.

"Tumewaibia watu," akasema hatimaye.

"Na wao wakajirudishia kwa maji. Na waliowauzia wakajirudishia kwa mawe. Mkuu, bambo linaona mwisho wa mkia tu. Nyoka mwenyewe anaanzia hapa getini."

Mzani ulikuwa mzee, au ulikuwa umezeeshwa. Hilo halikuchunguzwa, maana aliyekuwa akiutumia alikwisha kustaafu na kuagwa kwa hotuba. Fundi aliitwa siku hiyo hiyo. Saa nane mchana mkaguzi aliandika kwa chaki ukutani kwamba kila gunia liwe na alama ya aliyelichuma, ili gunia baya lirudi peke yake lisiponze wenzake. Na kwamba mfuko wa saruji utakaa pale pale getini, na mtu yeyote asiyeuamini mzani aupime kwanza.

Nyumbani, magunia thelathini yalikuwa yamezaa kumi na moja ya sufi safi, gunia moja na nusu la mbegu, na rundo la mawe na matofali ambalo mwenye nyumba aliliomba akazibie choo. Kumi na moja yakaingia kiwandani Jumanne, mashine zikaanza kunguruma. Mama mkwe akapanda gari la kwanza kurudi vijijini, kapakata magunia matupu, na kandambili ya bluu kaifunga kwenye pembe ya kanga. Yaliyompata kaka yake hayakusimuliwa kwa urefu. Inatosha kusema kwamba alichuma sufi siku mbili bila kuambiwa apumzike.

*

Ijumaa saa nne asubuhi lori likapinda kona tena. Safari hii magunia yalikuwa kumi na tisa tu, membamba, kila moja lina alama ya mkaa. Wapakuzi walikuwepo, mlinzi alikuwepo, akina mama washonaji walitoka nje na vitambaa vyao vichwani, maana mchezo wa bure haukosi watazamaji. Hata meneja aliteremka.

"Leo usichague," mama mkwe akasema mbele ya wote. "Fungua yote."

"Mama, amri ni moja katika matano."

"Amri yangu ni yote. Nimechekwa hapa mbele ya watu. Sitaki mtu aseme mkwe wangu alichagua."

Akafungua yote. Gunia la kwanza, kavu. La pili, kavu. Kila bambo lilipotoka na sufi tupu watu walihesabu kwa sauti, na kufikia la kumi mlinzi mwenyewe alikuwa akipiga makofi. La anayejenga, safi. La shemeji, safi. La mjomba, safi, tena limepangwa kwa woga. Meneja akaanza kusema kitu kuhusu hospitali na kuhusu heshima, chafya ikamkatiza. Likabaki moja. Alama yake ilikuwa duara.

"Hilo ni langu mwenyewe," mama akatangaza. "Msufi wa nyuma ya jiko langu. Nimeuchuma kwa mkono wangu, jana alfajiri, sikumwachia mtu."

Mkaguzi akachoma bambo, kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Huko ndani, katikati, vidole vyake vikagusa ubaridi. Haikuwa maji ya kumwagiwa. Ilikuwa umande, sufi iliyochumwa jua halijatoka, imeshikana vishada vishada. Akaacha mkono humo humo.

Watu walikuwa wakisubiri kuhesabu kumi na tisa. Meneja alikuwa anatabasamu. Mama alikuwa amesimama wima, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha. Hakuna mwingine aliyekuwa na mkono ndani ya gunia lile. Alichokijua alikijua peke yake. Akafikiria nyumba yake, mlango unaofunguka wote, mkewe akienda dukani bila kuulizwa kitu. Unyevu wa kiganja kimoja tu. Halafu akafikiria mgonjwa fulani asiyemjua, amelaza shavu juu ya mto.

"Mama," akasema, akautoa mkono. "Mama, hili bado bichi."

Mama mkwe akamsogelea. Akamsukuma pembeni kwa kiwiko, akakunja mkono wa blauzi, akaingiza mkono wake mwenyewe. Akapapasa humo ndani kwa muda ambao wote waliona ni mrefu. Uso wake ulibadilika, ukakaza, ukabadilika tena.

"Bichi," akasema.

Mpakuzi mmoja akataka kumsaidia kulibeba, akamkataza kwa jicho. Alilibeba mwenyewe mpaka kwenye uwanja wa saruji mbele ya ghala, akatandika kanga yake ya pili, akaimwaga sufi, akaitandaza juani. Alipoletewa chai alisema hanywi. Meneja alimtuma mtu amwambie kwamba magunia kumi na nane yanatosha, aende tu akapumzike kwa binti yake. Mama akamjibu mjumbe kwamba kumi na nane ni ya watu wengine. Akakaa pale mchana kutwa chini ya mwavuli, anaigeuza sufi kwa fimbo, upepo ukiichukua anaikimbilia, anairudisha, anakaa. Ndani mashine zilikuwa zikinguruma. Mkewe mkaguzi alikuja saa tisa, akaketi karibu na mama yake, na wala hakuna aliyemwona akimwuliza kitu.

Saa kumi na nusu, watu wakijitayarisha kutoka, sauti ya mama ikasikika mpaka getini.

"Mkaguzi! Njoo!"

Akaenda. Sufi ilikuwa imerudishwa guniani, imefurika mpaka mdomoni. Mama alikuwa na jasho shingoni na mbegu moja kwenye nywele. Mkaguzi akapiga magoti, akaingiza mkono. Ilikuwa na joto la jua, kavu, nyepesi hata vidole vilijisahau kama vimeshika kitu.

"Limepita, mama."

Akataka kuutoa mkono. Mama akamshika begani, akamrudisha pale pale.

"Chini pia, mwanangu. Gusa mpaka chini kabisa," akasema. "Sisi wauza sufi huwa tunaficha chini."